Mkono Chini ya Mgongo

Sisi watu wa Mwanza tunaishi na ziwa kama mtu anavyoishi na shemeji mkali. Tunakula vya kwake, tunamsifia kwa wageni, lakini kukaa naye karibu hatutaki. Mwulize mtu mzima wa Kirumba au Mabatini kama anajua kuogelea, atacheka kwanza, kisha atakuuliza kwani yeye ni mamba. Wazazi walituchapa ili tusiende majini, kwa kuogopa kichocho, mamba na kufa maji, na fimbo zile zilitukaa vizuri. Tumekua, tumekuwa wavuvi na wachuuzi wa dagaa, tunapanda mitumbwi kwenda visiwani na kurudi, na siku mtumbwi ukipinduka hatujui hata pa kuanzia.

Kwa hiyo kazi ya Projest Bagenda haikukauka hata mwezi mmoja.

Projest ni Mhaya wa Muleba, mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani. Aliingia kikosi cha zimamoto na uokoaji akiwa kijana, na kwa kuwa alikuwa mmoja wa wachache waliojua kuogelea tangu utotoni, wakamfanya mzamiaji. Nyumbani kwao Muleba walifurahi. Mama yake alitangaza kijiji kizima kwamba mwanawe anaokoa watu, na kila Krismasi Projest aliporudi, majirani walikuja kumwangalia huku wakitafuna kahawa na kusubiri hadithi za waliookolewa.

Hadithi hizo hakuwa nazo. Mgongoni mwa fulana yake ya kazi paliandikwa UOKOAJI kwa herufi kubwa, lakini simu ya kumwita mzamiaji hupigwa mwisho. Kwanza ndugu wanatafuta, halafu wavuvi wanatafuta na nyavu zao, halafu mtu anakumbuka kwamba kuna serikali. Projest akifika, watu ufukweni hawaombi tena ndugu yao apatikane mzima. Wanaomba apatikane tu, wapate wa kumzika.

Na chini huko hakuna kuona. Ukisema mzamiaji, watu wanafikiria mambo ya kwenye televisheni, samaki wa rangi na jua linapenya. Kwetu ukishuka kidogo tu ni tope na giza, taa haikusaidii kitu. Projest alikuwa akifanya kazi kwa kupapasa. Mkono wa kushoto unashika kamba, ambayo mwenzake juu ya boti anaishikilia, na mkono wa kulia unazunguka taratibu kwenye tope, magugu na mawe, mpaka uguse nguo au nywele au vidole. Hapo sheria ilikuwa moja, na mkuu wao, Afande Luhaga, aliwafundisha kabla hajawafundisha kitu kingine chochote: ukishika, usiachie. Maji ya chini yanatembea. Ukimwachia mtu ujipange vizuri, ukirudisha mkono humkuti, na watu wake watakesha ufukweni tena. Kwa hiyo unashika mkanda wa suruali au kwapa, unavuta kamba kuwaashiria walio juu, na unapanda naye mpaka mwenzako akuambie basi.

Projest hakuachia hata mara moja kwa miaka yote aliyofanya kazi hiyo. Alisifiwa kwa hilo. Wazamiaji wa mikoa mingine walilisikia jina lake.

Tatizo ni kwamba mikono haijui kuvua sare. Ilianza polepole. Akawa ananawa sana, ananawa akitoka kazini, ananawa kabla ya kula na baada ya kula, mpaka mke wake, Prudencia, akawa anaficha sabuni ya unga kwa kuionea huruma ngozi yake. Halafu akaacha kusalimiana kwa mkono. Mnajua Wasukuma tunavyosalimiana: mkono unakamatwa, na hauachiwi mpaka zimeulizwa habari za watoto, za ng'ombe, za mvua na za mgonjwa wa mwaka juzi. Jirani yake Mashimba alimnyooshea mkono asubuhi moja, Projest akaweka wake mfukoni na kuitikia kwa kichwa, na Mashimba akakaa nusu mwaka akiamini kwamba Wahaya wana dharau. Kanisani ilipofika zamu ya kutakiana amani, Projest alitoka nje kama mtu aliyebanwa na haja, na alirudi wakati wa komunyo.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuwa Odeta, binti yake wa pekee, aliyekuwa darasa la tano. Odeta alikuwa mtoto wa kushikashika, anayeongea na wewe huku amekukamata kidole. Akimshika baba yake, Projest alihisi vidole vile vya mtoto na mwili wake wote ukakumbuka vidole vingine vidogo alivyowahi kuvigusa kwenye tope. Alikuwa anajitoa taratibu, anasema ana kazi. Odeta akazoea. Akawa akitembea na baba yake anaweka mikono nyuma, na Prudencia alipoliona hilo alilia jikoni, kisha akatoka akasema chakula tayari.

Jumamosi moja kikosi kiliitwa upande wa Sengerema. Projest alivaa, akakaa kwenye ukingo wa boti, akaweka barakoa usoni, na hakuingia. Hakuogopa. Watu wengi walimuuliza baadaye kama aliogopa, na jibu lake halikubadilika: alichoka tu. Alikaa pale akiangalia maji, na wenzake wakasubiri, na ndugu wa marehemu ufukweni wakasubiri. Mwisho Afande Luhaga akamvua barakoa kwa mikono yake na kumpa mzamiaji mwingine.

"Kapumzike, Sajenti," Afande alimwambia wakiwa njiani kurudi. "Nitakuombea likizo ndefu. Haitakuwa na mshahara, lakini nafasi yako nakutunzia. Ikiisha, urudi au uniambie hurudi."

"Nitarudi, afande."

"Usinijibu leo."

Basi akakaa nyumbani Mabatini. Mwanaume wa Kihaya, mwenye cheo na sare, anakaa kibarazani asubuhi na mapema anachambua mchele. Majirani walisema waliyosema. Prudencia alikuwa na duka la vitambaa na cherehani yake, njaa haikuwapo. Kilichokuwapo ni ukimya. Projest alikuwa akikaa anaangalia mikono yake kama vitu alivyoazimwa.

Ndipo akaja Mama Rebeka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, mwenye kilemba cha kijani, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake waanika dagaa kwenye mwalo mmoja mdogo wa kupokelea mitumbwi ukielekea Igombe. Alikuja na ndoo ya dagaa waliokauka vizuri, akaikabidhi kwa Prudencia, akakaa kibarazani na kumnyooshea Projest mkono. Projest akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mkono wake ulibaki hewani kidogo, kisha akaurudisha mapajani bila kununa, akauliza hali kwa Kisukuma. "Mhola hapa?"

"Kwema, mama. Karibu."

"Mwanangu, nimesikia unapumzika. Sisi tunataka utufundishe kuogelea. Tuko wanawake kumi na kitu. Kila siku tunaingia maji ya kifua kupokea dagaa kwenye mitumbwi, na tunavuka kwenda visiwani kununua mzigo, na hakuna hata mmoja anayeweza kujiokoa. Kuna shirika limetupatia majaketi ya kuokolea, wakasema tafuteni mwalimu, watamlipa."

"Mama, mimi si mwalimu. Mimi ni mzamiaji. Mimi natoa waliokufa."

"Najua unachofanya," Mama Rebeka alisema. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Projest alikataa kwa adabu, mara mbili. Mama Rebeka aliaga, akaondoka na ndoo yake tupu. Prudencia alisubiri mpaka mgeni amepotea kwenye kona, kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Odeta, hilo ziwa linakudai nini? Limekuonyesha wafu miaka yote hii. Nenda likuonyeshe na wazima kidogo. Ukishindwa, utarudi uchambue mchele."

Alikwenda.

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Wanawake waliingia majini na madera yao, na dera likilowa linakuwa mzigo wa gunia. Wawili walikaa chini kwenye maji ya magoti na wakashindwa kunyanyuka kwa kicheko. Wiki iliyofuata walikuja na suruali za kubana na fulana za kampeni za uchaguzi, kila chama kimewakilishwa, na vilemba vichwani kwa sababu nywele zimesukwa na zimelipiwa. Wavuvi wenye kutengeneza nyavu walikaa juu ya mawe kutazama, mpaka Mama Rebeka alipowauliza kama wao wanajua kuogelea au wamekuja kujifunza pia. Mawe yakabaki na ndege.

Projest alishangaa kwamba anapenda. Alipenda asubuhi ile ya ziwa limetulia, mlima wa kisiwa mbele, moshi wa wanaokausha samaki. Alipenda makelele yao. Kwa miaka alikuwa amefanya kazi mahali ambapo hakuna anayepiga kelele isipokuwa za kilio. Sasa alikuwa anatukanwa kwa upendo na wanawake waliolowa.

Somo la kwanza ni kuelea chali. Projest alilijua tangu utoto, kwa sababu ndivyo mjomba wake alivyomfundisha Muleba: mtu akijua kwamba maji yanaweza kumbeba, mengine yote yanafuata, na asipojua hilo hata umfundishe nini atapapatika na kuzama. Unamlaza mtu juu ya maji, unaweka mkono wako chini ya mgongo wake. Anatoa pumzi, analegeza shingo, masikio yanaingia majini. Na akishalegea, unaondoa mkono, na yeye anagundua kwamba amebaki juu.

Hapo kwenye kuondoa mkono ndipo Projest alipokwama.

Alimlaza Hellen, mdogo kuliko wote, aliyekuwa na mtoto mchanga na haraka ya maisha. Hellen alilegea vizuri. Projest akasema, "Naondoa mkono," na mkono haukuondoka. Aliuamuru, kama unavyoamuru mguu uliokufa ganzi, na mkono ulibaki pale chini ya mgongo, na vidole vikakamata fulana. Uso wa Hellen ulikuwa umezungukwa na maji, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo. Projest alikuwa ameziona sura za namna hiyo nyingi mno. Akamnyanyua haraka, akamsimamisha.

"Umeelea," akamwambia.

"Kweli?" Hellen aliuliza. "Mbona nilikusikia upo?"

"Ulikuwa mkono wa juu juu."

Akawadanganya wote hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, wiki baada ya wiki. Aliwafundisha kupiga miguu, kuvuta mikono, kupumua pembeni, na vyote walivifanya huku yeye amewashikilia. Alikuwa mwalimu mzuri sana wa mambo yote isipokuwa lile moja ambalo bila hilo hakuna aliyefundishwa. Na wanawake si wajinga. Mtu anayejua kuwa ameshikwa anajua. Walianza kumtania, "Mwalimu, leo unatuachia au tumwambie Mama Odeta akuletee chakula humu?" Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka. Alimwambia Prudencia kwamba kila mtu akilala juu ya maji anamwona amekufa, mtu anayeongea naye, anayenuka dagaa, mwenye jina, na bado anamwona amekufa. Prudencia alimwekea chai.

Hellen ndiye aliyekata tamaa wa kwanza. Alisema mwili wake lazima ni wa jiwe, maana wenye elimu ya maji wenyewe wanaogopa kumwachia. Akaacha kuja. Maneno hayo yalimchoma Projest kuliko matusi, kwa sababu kosa lilikuwa lake na binti wa watu amelibeba yeye. Na Hellen bado alikuwa akiingia maji ya kifua kila alfajiri kupokea mzigo.

Katika siku hizo Afande Luhaga akampigia simu. Likizo ilikuwa inaisha. Wazamiaji wawili walikuwa wamehamishwa, na kituo kilibaki na kijana mmoja aliyetoka mafunzoni juzi.

"Sikulazimishi, Projest. Nakuuliza tu. Jumatatu nikutegemee?"

Projest aliangalia mikono yake. Aliona wazi kabisa kwamba mikono hii inajua kazi moja tu. Kama haiwezi kumwachia mtu mzima aelee, bora ikaendelee kushika wale ambao hawahitaji kuachiwa.

"Nitegemee, afande," akasema.

Alipokata simu alihisi nafuu, na nafuu hiyo ikamtia huzuni, maana aliijua. Ni ile ya mtu aliyeacha kujaribu. Usiku huo Odeta alimuuliza kama anaweza kwenda naye Jumamosi kuwaona mama wa dagaa, kwa sababu ndiyo mara ya mwisho. Akamwambia hapana, maji si mahali pa watoto. Odeta akaitikia, "Sawa, baba," na akaenda kulala na mikono yake nyuma.

Jumamosi aliwaambia. Aliwakusanya kwenye mchanga, akasema anashukuru, na Jumatatu anarudi kazini, na shirika litawatafutia mwalimu mwingine mwenye uzoefu. Mmoja alisema Mungu amtangulie. Wakaanza kukung'uta mchanga waondoke.

Mama Rebeka hakuondoka. Alivua kanga yake, akaiweka kwenye jiwe, akaingia majini mpaka kiunoni na kugeuka.

"Kipindi changu cha leo sijapata," alisema. "Au mshahara wa wiki hii hujalipwa?"

Projest akamfuata. Wengine wakakaa tena. Alimlaza kama kawaida, akaweka mkono chini ya mgongo wake mpana, na Mama Rebeka akatoa pumzi na kulegea. Maji yakamfunika masikio, kilemba kikalowa.

"Naachia, mama."

"Hujaachia."

"Nimeachia sasa."

"Mwanangu, nimezaa watoto sita na nimebeba dagaa maisha yangu yote. Najua kama mtu amenishika mgongo." Alikuwa anaongea akiangalia juu mawinguni, bila kumtazama. "Nikikuuliza unamshikilia nani, utanijibu?"

Projest alifungua mdomo, na safari hii akajibu ukweli.

"Wote," akasema. "Ninawashikilia wote, mama. Nikikuangalia hapo ulipo sikuoni wewe."

"Unamwona Antoni?"

"Antoni ni nani?"

"Mume wangu. Ulimtoa wewe." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mtumbwi wao ulipigwa na upepo hapohapo nyuma ya kisiwa. Wavuvi walimtafuta wakashindwa. Wazee walikwishaanza kusema tuzike nguo zake. Ukaja wewe, kijana mrefu, ukazama, ukatoka, ukazama tena. Nilikuwa nimekaa pale kwenye yale mawe."

Projest alijaribu kumkumbuka na hakuweza. Kumbukumbu yake ya siku hizo ilikuwa ya vidoleni, na ufukweni alijizoesha kutoangalia mtu usoni. Alisikia aibu kubwa.

"Sikumbuki, mama. Nisamehe."

"Hutanikumbuka. Nilikuwa nimejifunika. Mimi ndiye ninayekukumbuka. Ulipanda naye umemshika mkanda. Wakamlaza kwenye boti, wakakuambia basi, mwachie, tumempata, na wewe bado umemshika. Mkuu wenu akakufungua vidole kimoja kimoja. Nikasema, asante Mungu, huyu kijana haachii. Kwa sababu yako ninalo kaburi. Krismasi tunakwenda kufyeka majani, wajukuu wanajua babu yao amelala wapi."

Projest aligeuka akayaangalia yale mawe ya ufukweni.

"Kwa nini hukuniambia ulipokuja nyumbani?"

"Ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi." Ndipo Mama Rebeka akageuza macho na kumtazama, uso wake umezungukwa na maji, macho wazi, mekundu kidogo, na hasira kidogo ndani yake. "Yule ulifanya vizuri kumshika. Hakuwa na pumzi ya kujisaidia. Mimi si Antoni, Projest. Mimi napumua, nina njaa, na mgongo unaniuma kwa vidole vyako. Niachie."

Wanawake ufukweni hawakuwa wanasikia maneno, lakini walikuwa wamesimama.

Projest alianza na kidole kidogo. Akakiondoa kwenye fulana. Akaondoa kinachofuata, na kinachofuata, mpaka kikabaki kiganja tu, na alipokuwa anakishusha kiganja machozi yalimtoka bila yeye kuyaita, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa chini ya maji na hakuna iliyokuwa imeshika kitu.

Mama Rebeka alielea.

Alielea kwa muda ambao mtu angesema Baba Yetu, labda nusu yake. Tumbo lake na fulana yake ya kampeni vilikuwa juu ya maji, mikono imetanuka. Ndipo alipojishtukia, kama wanavyojishtukia wote, akanyanyua kichwa aangalie kama ni kweli, na mtu akinyanyua kichwa makalio yanashuka. Akazama. Kilemba cha kijani kikabaki kinaelea peke yake.

Mikono ya Projest iliruka. Ilifika juu ya pale alipozama, na hapo akaizuia. Hajui mpaka leo aliizuia kwa nguvu gani. Aliyaona maji yamejifunga, na moyo wake ulimwambia kile ambacho ulikuwa umemwambia kwa miaka yote: huyu naye amekwenda.

Halafu maji yakapasuka, na Mama Rebeka akasimama mwenyewe. Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Alikohoa, akatema, akapangusa uso kwa viganja vyote viwili, nywele zake za mvi zimesimama kila upande, na akaanza kucheka mpaka akashindwa kusema. Ufukweni wanawake walikuwa wanapiga vigelegele na mmoja alikuwa tayari anakimbia kumwita Hellen.

Projest hakusogea. Katika maisha yake yote ya kazi alikuwa amewaona watu wengi sana chini ya maji yale, na hakuwahi kumwona hata mmoja aliyezama, akaibuka mwenyewe.

"Umeona?" Mama Rebeka alisema, akimnyooshea mkono uliolowa. "Tena."

Projest akaupokea ule mkono, akaukamata kama Wasukuma tunavyokamata. Kisha akauachia.

"Tena, mama," akasema. "Na Jumatatu pia. Afande nitampigia nimwambie sirudi."